Huduma ya kulalamikia polisi hapa Nairobi: nimeitumia miezi tisa, haya ndio niliyoyaona

Naandika hii kwa mzazi ambaye kijana wake ametoka seli leo akiwa amevimba uso na hajui aanzie wapi. Watu huweka maoni yao juu ya hoteli na simu na fundi wa viatu, na hii nayo ni huduma, tunailipia ushuru kila siku, na mimi nimeipitia mlango kwa mlango kutoka kaunta ya polisi mpaka hospitali mpaka ofisi za mjini. Sitataja stesheni wala ofisi wala jina la mtu yeyote ju kesi bado iko, lakini yale niliyoyaona nitayasema yote.

Mimi nauza mboga Eastlands. Kijana ni wa dada yangu, dada alituacha na mimi ndio nimemlea, ana miaka 19 na anasomea mambo ya stima chuoni. Ijumaa moja saa moja na nusu jioni nilimtuma maziwa na tokeni, akakutana na wenzake wawili hapo kwa kona ya kinyozi wakasimama kusalimiana, landikruza ya polisi ikaja ikasimama. Wakaulizwa vitambulisho. Yeye alikuwa nacho akakitoa, afande akakichukua akakitia mfukoni, halafu akamuuliza tena kitambulisho kiko wapi. Hapo ndio rungu zilianza. Walipigwa wakiwa wamesimama, wakapigwa wakiwa chini, wakapigwa ndani ya gari. Mwenye kinyozi alizima taa akafunga mlango, na simlaumu.

Kwa nini nataja Ijumaa? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini kama hizo saa zinaishia wakati korti imefungwa basi ni siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo kijana akishikwa Ijumaa jioni wanajua wako naye mpaka Jumatatu, na mzazi hawezi kulala siku tatu akijua mtoto yuko kwa sakafu ya simiti na mkono umevunjika. Jumamosi saa sita nikaambiwa niongee vizuri nimtoe. Karatasi iko pale pale ukutani imeandikwa bondi ya polisi ni bure, nimesimama chini yake nikihesabu elfu tatu. Niliitoa. Sikupewa risiti, sikuambiwa kosa lake ni gani, hakuna mahali nilitia sahihi, nikaambiwa tu mama enda na kijana wako na umfunze adabu.

Tulipofika nyumbani nikamvua shati. Sitaeleza sana. Mgongoni alikuwa na mistari, na kila mstari una kingo mbili nyekundu na katikati peupe, baadaye daktari aliniambia rungu ndio huacha alama hio.

Sasa huduma yenyewe. Mlango wa kwanza ni kaunta ya stesheni, na hapa ndipo kila kitu kinaharibika. Fikiria, unaenda kushtaki polisi kwa polisi, kwa kaunta ile ile ulikolipa elfu tatu juzi. Unahitaji OB namba, yaani namba ya ripoti yako kwa kile kitabu cha matukio cha stesheni, bila OB kila ofisi utakayoenda itakuuliza. Jumatatu asubuhi nikaenda na kijana, mkono nimeufunga na leso. Afande wa zamu akanisikiza bila kuinua kichwa, halafu akaanza kuandika, na mimi nimezoea kusoma madaftari ya wateja wakiwa upande ule mwingine wa meza kwa hivyo nilisoma maandishi yakiwa yamenigeukia: kijana alianguka akikimbia. Nikamwambia afande, sijasema alianguka. Akaniuliza, wewe ulikuwepo? Unajua jina la aliyempiga? Unajua namba yake? Basi unataka niandike nini?

Ile swali ya jina nimeifikiria sana. Sheria ya polisi ya 2011 inamtaka afisa aliye na yunifomu awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Wale wa ile landikruza walikuwa na jaketi juu, hakuna jina hakuna namba. Halafu kaunta inakuuliza jina. Yaani yule aliyeficha jina anajificha mara mbili, mara ya kwanza kwa kona na mara ya pili kwa kitabu. Nikatoka bila OB, na nikiwa mlangoni afande mwingine mzee kidogo akanifuata, na huyu aliongea kwa upole, akasema mama, hii mambo wacha iishe, kijana bado ni mdogo ana maisha. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananionea huruma au ananitisha. Kaunta naipa nyota sifuri.

Aliyeniokoa ni mteja wangu wa sukuma. Aliniona nalia akaniambia kuna kituo cha haki nyuma ya kanisa, nyumba ya mabati. Wengi hawajui hivi vituo. Viko Mathare, Dandora, Kayole, Mukuru, Githurai na mitaa mingine, ni vijana na akina mama wa mtaa wenyewe, wengine wamezika watoto au ndugu zao kwa sababu ya risasi za polisi. Kile nilichoenda kiko na chumba kimoja, benchi moja, na ukuta umejaa picha za vijana. Kwanza nilidhani ni picha za wanachama. Msichana aliyenikaribisha aliona nikiangalia akasema anti, hao ni wale hatunao tena. Nikakaa chini.

Huyu msichana hana digrii ya sheria lakini ni yeye alinifundisha kazi yote. Alimpiga kijana picha mbele na nyuma na rula kando ya kila alama, akaniambia shati lenye damu nisilifue na nisiliweke kwa karatasi ya nailoni ju litaoza, nilitie kwa bahasha ya kaki. Akamwambia kijana aandike kila kitu anachokumbuka usiku huo huo, hata vitu vidogo kama harufu ya gari na wimbo uliokuwa kwa redio. Halafu kesho yake tukarudi stesheni watu watano. Yeye hakupiga kelele, alisema tu habari ya asubuhi afande, tumekuja kuchukua OB namba ya ripoti ya jana, na pia tunaomba jina lako tuandike kwamba ni wewe umetuhudumia. Akafungua kadaftari kake kadogo akangoja. Dakika ishirini OB ilikuwa imeandikwa, na imeandikwa venye tumesema. Ripoti ni ile ile na kaunta ni ile ile, tofauti ni kwamba siku ya kwanza nilikuwa peke yangu. Kama utashika kitu kimoja kwa yote ninayoandika shika hapo, usiende peke yako.

Hospitali nitapita haraka. Unahitaji fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha, hiyo fomu ni bure na hata kwa intaneti inapatikana, ukiulizwa pesa yake kataa. Eksirei nililipa. Daktari aliyetuona alikuwa kijana mdogo amechoka, lakini alipima kila alama na kuandika sentimita zake, akaandika mfupa wa mkono wa kushoto ulivunjika kwa kupigwa na kitu butu, si kwa kuanguka. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Watu hudharau karatasi ya daktari. Kumbukeni Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alishikwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa ajili ya mambo aliyodaiwa kuandika mtandaoni, akasafirishwa mpaka stesheni ya polisi ya Central hapa Nairobi na kesho yake alikuwa amekufa. Polisi walisema aligonga kichwa kwa ukuta wa seli. Bila wapasuaji wa maiti waliosema majeraha ya kichwa na shingo hayawezi kuwa ya mtu kujigonga, hio hadithi ya ukuta ingekuwa ndio ukweli wa serikali mpaka leo. Kwa hivyo beba mtoto hospitali siku hio hio, kabla alama hazijaanza kupotea.

Mlango wa tatu ni ofisi za malalamiko. Ziko kadhaa. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011 na iko nje ya polisi, kuna Internal Affairs iliyo ndani ya polisi wenyewe, kuna KNCHR ya haki za binadamu. Zote hazilipishwi. IPOA unaweza kulalamika hata bila kutoa jina lako, na afisa akimuua au kumjeruhi mtu vibaya polisi wenyewe wanatakiwa na sheria kuwaarifu. Mimi nilipitia moja wapo na nilipokelewa vizuri, niseme ukweli. Nilikaa saa tatu, mama mmoja akaandika taarifa yangu kwa mkono halafu akanisomea yote nikarekebisha sehemu mbili, akampa kijana maji, hakumuuliza hata mara moja alikuwa anafanya nini kwa kona. Nikapewa namba ya faili. Nikatoka nikihisi nimepumua.

Halafu kimya. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya. Nilikuwa sijui kwamba hizi ofisi zinachunguza tu, kushtaki ni kazi ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, kwa hivyo faili inatoka kwa meza inaenda kwa meza ingine, na huko DPP inaweza kurudishwa waongeze hiki na kile. Uchunguzi mzuri unachukua muda, hio naelewa. Ambacho sielewi ni kwamba katika ule muda wote aliyelalamikiwa yuko kazini na bunduki yake, mtaa wangu, na mimi niko kwa kibanda na mlango wa bati. Hapo ndipo huduma hii ina shimo kubwa.

Wiki ya sita hivi alikuja mtu kwa kibanda. Nguo za kawaida, amenyolewa vizuri, viatu vyeusi vya kazi. Akachagua nyanya nne, anaziangalia moja moja anazigeuza, akaniuliza biashara iko aje mama. Nikasema tunashukuru Mungu. Ilikuwa ya shilingi hamsini, akatoa noti ya elfu moja. Nikaanza kutafuta chenji kwa mkebe, akasema wacha mama, baki nayo, utaihitaji ya kumtolea kijana tena. Akaenda pole pole, hakuangalia nyuma. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkebe na sikuweza kuutoa.

Hakunigusa. Hakunitukana. Ukienda kaunta kuripoti hio utasema nini, kwamba mteja alikataa chenji? Na ndio maana naiandika, ju watu wanadhani kutishwa ni mtu kukuelekezea bunduki. Kutishwa ni simu ya saa tatu usiku, mtu anakuuliza umefika nyumbani salama halafu anakata. Ni Probox bila namba imesimama mbele ya geti taa zimezimwa, na sisi wote tunajua magari bila namba yamefanya nini nchi hii, KNCHR wenyewe walihesabu watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba 2024. Ni kijana wako kuambiwa na mtu asiyemjua kwamba bangi ni rahisi kuokotwa mfukoni. Mmoja wa wale wenzake wawili alikuwa ameandika taarifa kama shahidi, mama yake akaniita kando akaniambia dada nisamehe, nampeleka shags, mimi nina huyu mmoja tu. Tukalia pamoja. Nitamlaumu aje?

Na hatuogopi bure. Josephat Mwenda alikuwa mwendesha boda wa kule Mlolongo. 2015 afisa wa AP, polisi wa utawala, alimpiga risasi mkononi. Alifanya yote ambayo serikali inasema raia afanye, alilalamika IPOA, akapata wakili, Willie Kimani, na alipofunguliwa kesi alienda kortini kila alipoitwa. Tarehe 23 Juni 2016 walikuwa wanatoka korti ya Mavoko, yeye na wakili wake na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wakatekwa. Walifungiwa kwa kambi ya AP Syokimau, na maiti zao zilitolewa mtoni kule Ol Donyo Sabuk. Afisa aliyelalamikiwa, Fredrick Leliman, alipatikana na hatia Julai 2022 na kuhukumiwa kifo Februari 2023, na wenzake maafisa wawili na raia mmoja wakapewa miaka jela. Kesi ilichukua miaka sita na zaidi. Nasoma hio hukumu nafurahi iliwezekana, halafu nakumbuka kwamba mlalamishi mwenyewe hakuiona. Mwenda hakukosea mahali popote. Alifuata mlango kwa mlango kama mimi, na hakuna mlango hata mmoja uliokuwa na mtu wa kumlinda akitoka nje.

Nimeulizwa mbona usiende ulinzi wa mashahidi. Wako, ile taasisi ni ya sheria ya 2006, na kwa kesi kubwa wanasaidia. Lakini nilivyoelezwa ni kwamba wanakuhamisha, unakata mawasiliano na watu wako. Mimi nina wateja wa miaka kumi na moja, nina watu nawakopesha na watu wananidai, kijana ana chuo, nina mama mzee anayetumiwa pesa kila wiki. Ukinitoa kwa kibanda changu umenilinda na risasi ukaniachia njaa. Na zaidi, kwa nini mimi ndio nihame? Yeye aliyepiga ndiye angehamishwa stesheni kwanza siku ile faili imefunguliwa, kabla ya mengine yote. Hili naliomba kwa yeyote anayetunga sheria, ni jambo dogo, halihitaji bajeti.

Kile kituo cha haki tena ndio kilisimama nasi. Ile noti ya elfu moja sikuitumia, msichana aliniambia niitie kwa bahasha, niandike tarehe, saa na maneno aliyoyasema, nitie sahihi na jirani wa kibanda atie sahihi kwamba alimuona. Kila simu tuliiandika. Tukapeleka ile orodha kwa faili, na kuanzia hapo walianza kunipigia wao, hata kama ni kuniuliza tu. Jioni vijana wawili wa kituo walikuwa wanakuja kununua mboga saa ile ya kufunga halafu wananisindikiza kama wanabeba gunia. Mwezi mzima. Hakuna aliyewalipa.

Kasoro zao pia niseme. Simu ya kituo ni moja na mara nyingine haina kredo. Jumapili wamefunga, na mambo mabaya hutokea Jumapili pia. Wanaojitolea ni wachache na wenyewe wanatishwa, yule msichana alishawahi kulala ndani siku mbili kwa kupiga picha msako, na kuna siku niliona amechoka mpaka akasinzia akiandika. Faili wanaziweka kwa sanduku la bati na kufuli dogo, hio ilinitia wasiwasi, ukienda omba kopi zako zote na uweke zingine kwa mtu wa mbali. Pamoja na hayo nawapa nyota tano, na kama ningekuwa na za kuongeza ningeongeza. Ofisi ya malalamiko naipa nne kwa kupokea na moja kwa kufuatilia. Kulinda mlalamishi sitatoa nyota, ju sijaiona hio huduma.

Tulipofika sasa. Mwezi jana kijana aliitwa kwa gwaride la utambuzi. Aliniambia walikuwa wanaume tisa kwa mstari, urefu karibu mmoja, na unatakiwa umguse mtu mwenyewe, si kuonyesha kwa kidole kutoka mbali. Alitembea mstari mzima, akarudi, akasimama mbele ya mmoja, wakaangaliana. Anasema alimjua kwa vile anavyopumua, mdomo wazi. Akaweka mkono begani kwake akauacha hapo mpaka alipoambiwa inatosha. Faili iko kwa DPP na tunangoja. Kijana amerudi chuo, koleo hawezi kuishika sana kwa mkono wa kushoto kukiwa na baridi, na ikifika saa kumi na mbili jioni yuko nyumbani, maziwa sasa naenda kununua mimi.

Kama utaenda kituo cha haki cha mtaa wako, fika kabla ya saa tatu ju benchi ni moja na foleni inajaa mapema. Beba kitambulisho cha kijana kama walikirudisha, karatasi zote za hospitali, simu yenye picha, na shati usilifue.